Kabla mabuyu hayajavuka Horo Horo

Mimi napika mabuyu. Natengeneza pia achari ya maembe na bizari ya pilau, kwenye nyumba ya kupanga Majengo, jiko likiwa uani na chumba kimoja cha kufungia mzigo. Bidhaa zangu zauzwa Tanga, Dar es Salaam na Unguja, na kiasi kidogo Muscat. Basi hunipigia simu watu wa Kongowea, watu wa Mtwapa, kila mmoja na kitu chake kizuri alichokibuni, wakitaka kujua wataanzaje kuuza nje. Wengi huwa wameshaulizia bei ya lori na ushuru. Nikiwauliza "mtu wako kule ni nani?" simu inanyamaza.

Anza na hilo. Ukiuza hapa Mombasa, mteja akiumwa na tumbo anaujua mlango wa kubisha. Mzigo ukishavuka, mlango unakuwa wa mtu mwingine. Huyo ndiye atakayesimama mbele ya afisa wa viwango, ndiye atakayemjibu mama wa mtoto, ndiye atakayeamua kama hongo itatoka au haitatoka, na ndiye atakayelishika jina lako mkononi. Sheria na maadili na mila za kule zitakufikia kupitia kwake. Kwa hiyo maelezo yangu yote yanamzunguka yeye.

Bidhaa inavuka, muuzaji anabaki

Tuseme unaanza na jirani, kama wengi wetu. Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki ulianza 2005, Soko la Pamoja likafuata 2010. Mabuyu yaliyotengenezwa Kenya, yakiwa na cheti cha asili ya bidhaa, hayatozwi ushuru wa forodha yakiingia Tanga. Mzigo usiozidi dola 2,000 una njia nyepesi zaidi: cheti rahisi cha asili, kinachotolewa na forodha palepale mpakani Lunga Lunga (ng'ambo, upande wa Tanzania, ndipo Horo Horo), mradi bidhaa yako imo kwenye orodha waliyokubaliana. Kodi za ndani kama VAT zipo vilevile. Watu husikia "hakuna ushuru" wakadhani hakuna malipo. Na cheti cha COMESA, soko la Mashariki na Kusini mwa Afrika, usijisumbue nacho kwa safari hii. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Upande wetu huku utahitaji kampuni au jina la biashara lililosajiliwa, PIN ya mamlaka ya mapato (KRA), alama ya ubora ya shirika la viwango (KEBS), na kwa mbegu na viungo vikavu cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS. Haya yana tovuti na ofisi zake, sitayarefusha. Ila kuna wanaopitisha kwa jahazi usiku kutoka Vanga na Shimoni, njia za panya, wakisema wanaokoa muda. Mzigo usio na karatasi hauwezi kudaiwa. Mnunuzi akikataa kukulipa, utamshtaki kwa mzigo upi?

Hapa sasa ndipo watu huchanganya mambo mawili. Mzigo kuruhusiwa kuuzwa Tanzania ni jambo moja. Wewe kuruhusiwa kufungua duka la kuuuza ni jambo jingine. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15. Zimo biashara ya jumla na rejareja, ukiondoa supamaketi na vituo maalumu vya jumla; zimo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu, saluni isipokuwa za hotelini au za kitalii, kuongoza watalii, uwakala wa forodha, kununua mazao shambani, na viwanda vidogo. Asiye raia akipatikana na hatia ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali.

Kenya ililalamika, ikasema amri hiyo inakwenda kinyume na Soko la Pamoja. Huenda ni kweli. Lakini mawaziri wakibishana, katoni zako za achari haziwezi kungoja jawabu.

Watu wa pwani tuna dawa yetu ya mkato: "Duka nitaliandikisha kwa jina la mume wa dada yangu wa Tanga." Amri ile imeliona hilo mapema. Raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa naye ana faini ya milioni 5 au miezi mitatu ndani. Umemwendea shemeji kwa hisani, umemwachia kesi.

Njia iliyonyooka ni kumuuzia mfanyabiashara wa kule, raia, mwenye leseni yake na namba yake ya mlipa kodi (TIN), anunue mzigo uwe wake, auze kwa bei yake. Huyo ni msambazaji. Wakala ni habari nyingine: mzigo unabaki wako mpaka uuzwe, yeye anakula kamisheni, na ukiwa na ghala na mtu anayekufungia mikataba kwa jina lako, mamlaka ya kodi ya kule inaweza kukuhesabu kuwa una biashara nchini mwao na kukudai kodi ya mapato. Kwa mtu wa kiwango changu, msambazaji. Faida kwa kila pakiti ni ndogo zaidi, lakini usiku nalala.

Ndugu wa Muscat

Nusu ya Mji wa Kale ina jamaa Oman. Mwana wa ami yuko Muscat, mtoto wa khalati yuko Dubai, na biashara nyingi za nje zinaanzia kwenye harusi: "Niletee katoni mbili nikuuzie." Sikatai jamaa. Uaminifu wa damu ni mtaji ambao benki haiwezi kukupa. Lakini kabla hujampa mzigo, muulize kama ana usajili wa biashara wa kuingiza chakula. Kama ni muajiriwa wa ofisini anayeuza jioni kwa marafiki wa WhatsApp, huyo ni mteja mzuri sana. Msambazaji si yeye.

Kwa wageni wenye mtaji mkubwa kuliko wetu mambo kule yamelegea: Oman tangu 2020 inaruhusu mgeni kumiliki kampuni asilimia 100 katika shughuli nyingi, na Imarati nazo zimefungua tangu 2021. Uza kwanza, kumiliki kutafuata. VAT ni asilimia 5 nchi zote mbili. Lebo iwe na Kiarabu, iwe na tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha, na usiibandike stika juu ya tarehe ya zamani hata kwa nia njema.

Tatizo la jamaa ni pale unapomletea karatasi ya kusaini. Atanuna. "Sasa mimi nawe tuandikiane?" Mimi humwambia aifungue Suratul Baqara, aya ya 282. Ndiyo aya ndefu kuliko zote ndani ya Qur'ani, na yote inaeleza namna ya kuandikiana deni: mwandishi, mashahidi, muda, na msichoke kuandika liwe dogo au kubwa. Kama Mola hakuona aibu kulieleza jambo hilo kwa urefu ule, sisi ni nani? Mpaka leo sijapata jamaa aliyenijibu hapo.

Jina lako halina pasipoti

Alama ya biashara uliyoisajili KIPI, ofisi ya mali miliki ya Kenya, inakulinda Kenya kwa miaka 10, kisha unaihuisha. Tanga haiijui. Tanzania Bara husajili BRELA, wakala wao wa usajili wa biashara. Zanzibar ina ofisi yake, BPRA, na cheti cha Bara hakikulindi Unguja. Anayetaka kote kuwili alipie kote kuwili. Kabla ya kulipa, fanya upekuzi kwanza, maana jina kama "Bi Kizee" au "Pwani Spices" huenda lina mwenyewe.

Msambazaji atakuja na neno tamu: "Niachie mimi nisajili, ni rahisi nikiwa raia." Asante, hapana. Usajili wa bidhaa kwa ajili ya kuingiza unaweza kuwa kwa jina lake, hilo ni la kawaida. Alama iwe kwa jina lako, kupitia wakili wa kule, ghali kidogo. Jirani yangu mmoja muuza halua alikubali maneno hayo ya "rahisi", na siku alipotaka kubadilisha msambazaji akaambiwa halua ile ni ya mwingine. Sasa anauza halua yake mwenyewe kwa jina jipya, akijieleza kwa wateja mmoja mmoja.

Na usidhani ni mambo ya watu wadogo. Miaka ya 2000 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake kule. Fikiria mfumaji wa huku anayetuma vikoi London akiambiwa asiviite vikoi. Wakenya na watetezi wa biashara ya haki wakapinga, na ombi lile halikufika mwisho. Lakini ilibidi mtu alione tangazo kwa wakati, alipe, apinge. Jina la bidhaa ya kwenu likiombwa kule, hakuna atakayekuja Biashara Street kukuuliza.

Wekundu

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kwenye mabuyu sheria na dhamira zinakutana kwenye sufuria moja.

Mabuyu ya Mombasa ni mekundu. Mtoto akila, ulimi unatoa ushahidi. Wekundu ule hautoki mtini. Unga wa ubuyu ni mweupe wa maziwa. Ni rangi, na rangi zina sheria. Ulaya na Uingereza zina kundi la rangi sita, zikiwemo tartrazini (E102), karmoisini (E122) na Ponceau 4R (E124), ambazo tangu Julai 2010 chakula chenye hata moja lazima kiandikwe kwamba huenda ikaathiri utulivu na umakini wa watoto. Rangi za jamii ya Sudan, ambazo watu waovu huzitia kwenye pilipili ya unga ili iwake, zimepigwa marufuku kabisa kwenye chakula. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu pilipili moja yenye Sudan I iliingia kwenye sosi, na sosi ile ikaingia kwenye vyakula vingine vyote. Pilipili moja.

Kwa hiyo hatua yako: acha kununua rangi ya kupimwa kwa kijiko kutoka kopo lisilo na jina. Nunua yenye namba ya E, jina la mtengenezaji na cheti chake. Nunua mizani ya gramu. Andika kila pishi: tarehe, kiasi cha rangi, gunia la mabuyu limetoka wapi. Hilo daftari ndilo litakalokuokoa mzigo ukirudishwa, kwa sababu utajua ni pakiti zipi za kuziondoa na zipi hazina hatia. Ukitaka kukwepa rangi za kiwandani, ujue kiazi chekundu (bitiruti) kinageuka hudhurungi kwenye moto, kwa hiyo kitie mwishoni, na usitarajie wekundu ule ule.

Sasa dhamira. Nawajua wanaopika mabuyu ya aina mbili: safi ya kwenda nje, yenye rangi iliyopimwa, na ya kopo kwa ajili ya watoto wa hapa wanaonunua nje ya geti la shule. Wakiulizwa wanasema huku hakuna anayekagua na mteja hataki kuongeza shilingi. Mimi naliona jambo hilo kuwa aibu, na silisemi kwa upole. Mtoto wa Majengo ana ini kama la mtoto wa Muscat. Ukishaijua hatari kwa sababu Mzungu au Mwarabu amekulazimisha kuisoma, huwezi tena kusema hukujua ukirudi kwa jirani yako. Pishi ni moja. Bei ya hapa nimeifanya nafuu kwa kupunguza pakiti. Rangi sijaigusa.

Ladha ya vanila nayo iangalie. Nyingine zimeyeyushwa kwa pombe, na kwa soko la Oman au Unguja hilo si jambo dogo. Muulize muuzaji karatasi ya viambato. Cheti cha halali hutolewa na taasisi kama Kenya Bureau of Halal Certification, na watakuuliza swali hilohilo.

Vifungashio: mifuko ya plastiki Zanzibar iliikataza mapema, 2006, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019. Vile vifuko vya nailoni vya kufunga fundo, ambavyo tumekulia navyo, visahau. Pakiti ya kiwandani yenye lebo ina masharti yake kila nchi, na msambazaji akuletee masharti hayo kwa maandishi kabla hujachapisha lebo 5,000.

Mibuyu ni ya nani?

Unga wa ubuyu uliruhusiwa Ulaya mwaka 2008 kama "chakula kipya". Kwa kanuni zao, kisicholiwa sana kwao kabla ya Mei 1997 ni kipya, hata kama bibi yako alikunywa juisi yake. Cheka, kisha ujaze fomu.

Lakini mteja wa nje akianza kukupenda, swali linarudi nyuma, Kilifi na Kitui na Makueni, kwa aliyepanda mti kuangua. Mwaka 2022 mibuyu mizima iling'olewa Kilifi ili ipelekwe Georgia, ile ya kule Ulaya Mashariki, ikapandwe kwenye bustani. Rais Ruto akaagiza uchunguzi, akataja Itifaki ya Nagoya, inayotaka faida ya viumbe wa nchi igawanywe kwa haki na wenyeji. Kenya ina kanuni zake za jambo hilo tangu 2006. Kuuza mabuyu ya kula ni biashara ya kawaida ya mazao. Akija mtu wa maabara akitaka mbegu au miche "kwa utafiti", hapo umeingia kwenye vibali vya NEMA, mamlaka ya mazingira, na mwelekeze huko kabla hujampa hata kokwa moja.

Kwa sisi wanunuzi wa magunia, jambo la haki liko kwenye mizani. Mwangua mabuyu hulipwa kwa gunia, na gunia hukua kila mwaka: linashindiliwa, linashonewa "kofia" juu. Nunua kwa kilo, mbele yake. Oda ya nje ikipandisha bei yako, mpandishie na yeye. Bei za Muscat atazisikia tu, watu wa huko wana simu. Na msimu wa mabuyu usiwatoe watoto shule. Nimemwambia anayenikusanyia kwamba nikikuta mtoto anavunja vibuyu saa nne asubuhi siku ya Jumatano, mzigo huo siuchukui. Mteja mkubwa wa nje atakuuliza hili siku moja, na hakuna jibu la kutunga.

Vitu vidogo vya njiani

Simu hii utaipata. Mimi niliipata nikiwa Marikiti nachagua iliki.

"Dada, mzigo umefika, ila kuna vitu vidogo vya njiani."

"Vitu gani, kaka? Niandikie."

"Ah, si vya kuandika hivyo."

"Basi si vya kulipa."

Mzigo ulikaa siku kadhaa juani. Achari haina haraka, mabuyu hayana haraka; kama ungekuwa unasafirisha samaki ungenitukana kwa ushauri huu, na ungekuwa na haki. Lakini fahamu: Sheria ya Hongo ya Kenya ya 2016 inamgusa Mkenya anayemhonga afisa wa nchi nyingine, na inaitaka kila biashara iwe na utaratibu wa kuzuia hongo, kwa kadiri ya ukubwa wake. Kwa biashara ya jikoni kama yangu, utaratibu huo ni ukurasa mmoja: hakuna malipo bila risiti au namba ya malipo ya serikali, zawadi kwa afisa hakuna, hata katoni ya sikukuu, msambazaji akilipa hongo kwa ajili ya mzigo wangu, mkataba umevunjika. Amesaini. Hongo ya mtu wako, ukiijua na ukanyamaza, inaanza kunuka kwako.

Dawa ya nusu ya "vitu vidogo" ni karatasi kamili. Afisa anaomba anapoona pengo. Tuma nakala za vyeti siku mbili kabla mzigo haujafika mpakani, uzito kwenye ankara ulingane na uzito wa mizani, na dereva awe na namba yako.

Lugha moja, adabu mbili

Watu wa Mombasa tunadanganywa na Kiswahili. Tunadhani kwa kuwa tunasikilizana, tunaelewana. Mwendee mfanyabiashara wa Tanga kwa mara ya kwanza na bei mkononi dakika ya tatu, atakusikiliza, atakusifu, atakukaribisha tena, na hutapata oda. Hakukuambia hapana kwa sababu kukukatalia usoni ni utovu wa adabu. Safari ya kwanza nenda ukae. Mwamkie mkubwa shikamoo hata kama kwenu mmezoea salamu nyingine. Uliza habari za msiba uliousikia. Bei itakuja yenyewe, pengine kwa simu wiki nyingine.

Unguja wana ubuyu wao, wenye iliki na pilipili manga, na wanajivunia. Usiende kuwaambia wako ndio wa asili. Mimi nilipeleka achari ya maembe na bizari kwanza. Mabuyu yalifuata kwa sababu mteja mwenyewe aliuliza. Vionjo vya mchana wakati wa Ramadhani usiweke. Kule kula hadharani mchana wa mfungo kumewahi kuwafikisha watu polisi. Weka jioni, baada ya futari, utauza mara mbili.

Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Imarati tangu Januari 2022 ni Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa nusu siku. Ramadhani saa za kazi zinafupishwa. Mzigo wa Idi upange ufike kabla ya mfungo haujaanza.

Jambo la mali kauli. Kote huku pwani, chukua sasa ulipe ukiuza ni desturi ya zamani, na kumnyima mtu ni kumwambia humwamini. Usiiondoe. Iwekee kikomo: mzigo wa pili hautoki kabla wa kwanza haujalipwa, na deni lisizidi kiasi ambacho ukikipoteza bado utalipa kodi ya nyumba na mishahara ya kina mama jikoni. Kushitaki deni dogo nje ya nchi ni ghali kuliko deni lenyewe. Kuhusu fedha, tangu Machi 2025 Tanzania imekataza bei na malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo yeye atauza kwa shilingi za kwao. Kubalianeni mapema bei yenu ninyi wawili ni ya fedha gani, na nani anabeba hasara ikishuka.

Mkataba, hasa ukurasa wa kuachana

Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja, kwa Kiswahili. Unataja eneo (Tanga peke yake, "Tanzania nzima" haipewi mtu ambaye hajauza), kiasi cha chini cha kununua, anayelipa mzigo uliooza, na sheria ya nchi gani itatumika. Haki ya kuuza peke yake haitolewi mwaka wa kwanza. Tukigombana, kwanza mpatanishi tunayemheshimu wote wawili, kisha msuluhishi, mahakama mwisho.

Namba za wateja nazo ni mali yenye sheria. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina yake ya 2022. Msambazaji asikurushie orodha ya namba 300 za akina mama walionunua bizari, nawe usianze kuwatumia matangazo usiku. Aombe ruhusa yao kwanza.

Ukurasa watu wasioupenda ndio ninaouandika kwa wino mzito: tukiachana. Mzigo uliobaki nitaununua kwa bei ya ankara kama una miezi mitatu kabla ya kuisha. Wenye muda mfupi zaidi ni wake. Lebo zangu anazirudisha au anaziharibu mbele ya shahidi na kunitumia picha. Usajili wa bidhaa ulio kwa jina lake anausalimisha ndani ya siku 30. Ukurasa wa Instagram wenye jina langu, hata kama ameufungua yeye na kuupiga picha nzuri, nywila yake naichukua siku ya kusaini, na namba ya simu iliyouandikisha inakuwa ya laini yangu ya Mombasa.